Barua ya wazi kwa vijana wetu wa vyuo wanaochangisha fedha za mkutano

Wanangu wapendwa, wanafunzi wa vyuo mnaosali katika usharika wetu hapa Dar es Salaam,

Bwana Yesu asifiwe.

Barua yenu ya kuomba mchango wa safari ya Dodoma, kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo, ilinifikia kama ilivyowafikia wazee wenzangu wa kanisa na washarika wengi kupitia kundi la WhatsApp la jumuiya. Nimeona niwajibu kwa barua ya wazi kwa sababu nitakayoyasema hayawahusu viongozi wenu peke yao. Yanawahusu pia wadogo zenu wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, walioko sekondari, ambao Pasaka ikikaribia nao hupita na bahasha, pamoja na wenzenu wa vikundi vingine vya wanafunzi Wakristo, yaani USCF, TAFES na CASFETA, wanaobisha hodi kwenye milango ileile. Niseme mapema ili msisome kwa wasiwasi: safari yenu naiunga mkono na nitaichangia. Ushauri wangu unahusu namna ya kuomba, na hasa jambo moja ambalo nawasihi mlikubali kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba fedha hizi ziingie katika mfuko mmoja wa kikundi, na wote mliokubaliana kwenda mwende kwa mfuko huo.

Nianze na barua yenyewe. Kichwa chake kilikuwa "YAH: OMBI LA MCHANGO", ikafuata salamu ndefu, mistari miwili ya Maandiko, kisha ombi la shilingi 3,500,000 na namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Haikueleza mnakwenda wangapi, mtaondoka siku gani, mtalala wapi wala mtarudi lini. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kwa upole, "Mzee, hivi hawa watoto ni kumi au ni hamsini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mama huyo hakuwa anakataa kutoa. Alitaka kujua elfu tano yake itakuwa imemfikisha nani wapi.

Someni tena Nehemia sura ya pili, mkiisoma mara hii kama waombaji wa nauli. Kuhusu safari yenyewe mfalme alimuuliza mambo mawili tu: safari yako itachukua muda gani, na utarudi lini? Nehemia akamtajia muda. Kisha akaomba barua za kwenda kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wamruhusu kupita, na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba ambayo yeye mwenyewe angekaa. Mtu anayejua hata jina la mtunza msitu amekwisha kupiga hesabu zake kabla ya kufungua kinywa. Tena hakuona haya kutaja nyumba ya kukaa yeye mwenyewe, kwa hiyo nanyi msifiche gharama za malazi na chakula chenu mkidhani kwamba mkitaja nauli peke yake mtaonekana wa kiroho zaidi.

Hesabu yenu si ngumu. Nauli ya treni ya SGR, daraja la kawaida, kutoka hapa hadi Dodoma ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 huduma ilipoanza mwaka 2024. Kwa kiwango hicho kwenda na kurudi ni 62,000, na mkiwa 20 ni 1,240,000. Ongezeni ada ya usajili kwa kila mtu, malazi kama hayamo katika ada hiyo, chakula cha njiani, usafiri wa kutoka stesheni hadi mahali pa mkutano, na kiasi kidogo cha dharura, maana katika kundi la watu 20 hakosi mmoja wa kuumwa tumbo. Hesabu ikiwa wazi hivyo, mshirika mmoja atasema, "Mimi ninamsafirisha kijana mmoja, kwenda na kurudi." Mwingine atasema, "Mimi namlipia kwenda tu, kurudi Bwana atatoa." Wote wawili wapokeeni kwa furaha.

Mkumbuke pia mnamwomba nani. Mshirika wa kawaida wa usharika huu, kwa mwezi mmoja, anaweza kuwa ameshika kadi ya mchango wa harusi ya jirani, kadi ya sendoff ya binti wa kazini, bahasha ya kipaimara, ahadi ya jengo, na msiba ambao haukumpigia hodi kabla ya kuja. Juu ya hayo ana watoto wake wa kuwalipia ada. Ndiyo maana nawashauri mtumie muda mchache kuwafukuzia watu wakubwa wawili watatu ambao mnatarajia watamaliza deni lote kwa hundi moja, na muda mwingi zaidi kuwaeleza watu wengi ambao kila mmoja atatoa kidogo bila kuumia. Nimewaona vijana wakimzunguka "mgeni rasmi" miezi miwili, na mgeni rasmi akasafiri siku ileile ya harambee. Isitoshe, mtu aliyetoa elfu mbili zake ataiombea safari yenu na mkirudi atawauliza habari. Mara nyingi huyo mkubwa hatakumbuka hata jina la mkutano.

Sasa nirudi kwenye mfuko mmoja. Nasikia baadhi yenu mmekubaliana kwamba kila mtu ajitafutie nauli yake kwa ndugu zake, na atakayekamilisha ndiye atakayekwenda. Utaratibu huo ni mwepesi kuusimamia, na kwa maoni yangu haufai katika kikundi cha Kikristo. Mwenye mjomba bandarini na shangazi benki atakamilisha kwa simu nne. Kijana aliyetoka Kigoma au Namtumbo, ambaye hapa mjini hana ndugu hata mmoja na ambaye pengine ndiye anayewafundisha Biblia kila Ijumaa, atabaki chuoni akiwaaga wenzake, mwaka huu na mwaka ujao. Mkiweka mfuko mmoja, mwenye mjomba ataleta cha mjomba, asiye na mjomba ataleta kazi ya mikono yake, na orodha ya wanaokwenda itapangwa na kikundi chote kwa sababu zinazoweza kutamkwa mbele ya watu. Kama fedha hazitawatosha wote, punguzeni idadi kwa mapatano, wala msiuache uwezo wa koo zenu uwachagulie.

Katika mfuko huo ninyi wenyewe mtangulie. Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba nyumbani kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kufanyika atakapofika. Wiki 15 za muhula, kwa shilingi elfu moja kila Jumapili, ni 15,000, karibu nusu ya ile nauli ya kwenda. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa boom, yaani posho ya mkopo, hizo ni fedha, nami silidharau hilo: posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023, na kila mzazi wa mjini anajua 10,000 inavyokwisha. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu ametoa boom lote akashinda njaa hadi mitihani, wala mtu aliyegusa ada ya chuo aliyotumiwa na mama yake kwa matumaini kwamba Mungu atairudisha. Hiyo ada mama aliitoa kwa kazi nyingine, na kuigeuza matumizi bila kumwambia si imani.

Kuna kitu mlicho nacho ambacho usharika huu unakihitaji kuliko maandazi na karanga mnazofikiria kuuza. Mmoja wenu anasoma uhandisi, wawili nimesikia wanasomea ualimu wa sayansi, mwingine yuko mwaka wa tatu wa takwimu. Humu kanisani tuna watoto wa kidato cha pili na cha nne wanaosubiri mitihani ya Taifa ya Novemba, na wengi wao wanaogopa hesabu na fizikia. Mimi nimefundisha mpaka nikastaafu na ninawajua watoto wa namna hiyo: mara nyingi anachokosa ni mtu wa kukaa naye mezani, kutazama kosa liko mstari gani, na kumwacha afute aandike tena. Ombeni chumba cha shule ya Jumapili, kila Jumamosi saa tatu hadi saa sita, mfundishe tuisheni, kila mzazi atoe kiasi mtakachokubaliana, na mtoto ambaye mzazi wake hana aingie bure. Mzazi ambaye mwanawe ameanza kuleta alama nzuri hahitaji kuandikiwa YAH.

Ule mnada wa baada ya ibada pia ni wenu kama mkiomba kwa utaratibu. Mmeona wenyewe mkungu wa ndizi unavyonunuliwa kwa bei ambayo sokoni ingeleta mikungu mitatu, kisha aliyeununua anaurudisha mezani unadiwe upya. Zungumzeni na mchungaji na baraza la wazee mpewe Jumapili moja, lakini mlete vitu vyenu wenyewe.

Kuhusu utunzaji, namba ya simu ya mtu mmoja iondoeni leo. Simsingizii kijana yeyote, namkinga. Fungueni akaunti ya kikundi, au tumieni huduma za vikundi katika simu kama M-Koba, ili fedha zisiweze kutoka kwa kidole cha mtu mmoja. Ezra, aliyeona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, hakuona haya kuwapimia makuhani 12 fedha na dhahabu kwa uzani kabla ya kuondoka, na siku ya nne baada ya kufika Yerusalemu vikapimwa tena vyote na uzani ukaandikwa. Makuhani wale hawakuona kwamba wametukanwa.

Acheni pia kubandika kila jioni, kwenye kundi la washarika, orodha ya majina na kiasi alichotoa kila mtu. Mjane aliyetoa mia tano hukaa chini ya aliyetoa laki moja, na asiyetoa huonekana kwa kukosekana kwake. Mtumieni kila mtu shukrani yake faraghani, na jumla itangazwe kanisani.

Neno fupi kwa wale wawili waliopata barua pepe ya kualikwa mkutano wa vijana Wakristo Marekani, ambako waandaaji "wamelipa tiketi ya ndege" ila wao watangulize fedha za hoteli. Msitume hata senti. Huo ni utapeli wa siku nyingi, na hutumia majina ya makanisa. Hata mwaliko wa kweli una gharama zake: ada ya ombi la viza ya matembezi ya Marekani iliwekwa dola 185 mwaka 2023, nayo hairudishwi ukinyimwa, kwa hiyo msichangishe washarika kwa jambo ambalo hamjalihakiki kwa mchungaji.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, nitakuwa ofisi ya usharika pamoja na mhasibu wetu. Njooni watatu: mwenyekiti, mtunza hazina, na mmoja ambaye si kiongozi. Leteni idadi ya wanaokwenda, bajeti ya ukurasa mmoja, na daftari la elfu moja moja zenu hata kama zina wiki mbili tu. Barua mpya tutaiandika pamoja, na ndani yake tutataja siku mtakayosimama mbele ya washarika mkirudi, mkiwa na risiti, na bakaa itakwenda wapi kama ipo. Mchango wangu nitauweka siku hiyo, ndani ya akaunti mpya.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu