Mwenye kofia pana si lazima awe Menasseh

Mhariri, salamu. Ile picha ya Rembrandt, mchoraji wa Amsterdam kule Uholanzi, mliyoiweka gazetini, ya jamaa mwenye ndevu na kofia pana na kola kubwa nyeupe, chini yake mmeandika "Rabi Menasseh ben Israel" basi, kama vile mwenyewe alikuja ofisini kwenu kuthibitisha. Jamani, mngesema hata inadhaniwa! Picha ni ya 1636, na kwenye bamba la shaba la kuchapia picha hiyo Rembrandt kaweka jina lake na mwaka, jina la aliyekaa kuchorwa hakuweka.

Sasa mwaka 1642 fundi mwingine hapo hapo Amsterdam, Salom Italia, Myahudi mwenzake Menasseh, alimchonga huyo rabi na jina akaliandika kabisa. Zishike hizo mbili kwa pamoja. Kofia ipo, ndevu zipo, kola ipo, ila hayo yalikuwa mavazi ya wanaume kibao wa mji ule, ukija kwenye uso wenyewe mimi naona watu wawili tofauti, na wataalamu nao wameshatia shaka kwa sababu hiyo hiyo. Kuna atakayesema picha za bamba hutoka zimegeuzwa, kweli, fundi anakwaruza nta kwa sindano, asidi inakula shaba, ukichapa kushoto kunakuwa kulia. Sawa, lakini kugeuzwa hakumpi mtu uso mpya.

Halafu ile hoja tamu ya ujirani, eti Rembrandt na Menasseh wote walikuwa wa mtaa wa Breestraat hapo Amsterdam. Nyumba yake pale Rembrandt kanunua 1639, miaka 3 baada ya picha, ingawa kabla ya hapo alishafanya kazi mtaa huo huo kwa Uylenburgh, mfanyabiashara wa picha, kwa hiyo sitawabana sana. Na kujuana walijuana, maana 1655 Rembrandt alimchorea Menasseh picha 4 za kitabu alichoandika huyo rabi kuhusu jiwe lile la kwenye ndoto ya mfalme Nebukadneza katika Biblia. Ila kitabu cha 1655 kinathibitisha nini kuhusu uso wa 1636? Rembrandt alikuwa anachora wateja chungu nzima, wengine majina yao hayajulikani mpaka leo na hakuna anayelala njaa.

Ombi langu dogo tu, toleo lijalo wekeni ya Italia na ya Rembrandt ubavu kwa ubavu, kubwa kubwa, zisiwe za ukubwa wa stempu kama mlivyofanya juzi, wasomaji wajionee.

Msomaji wenu wa siku nyingi