Mwache Mama Eliya aibe

Morogoro, Jumapili jioni

Mpendwa Upendo,

Bwana asifiwe. Huku hatujambo, mvua imekatika na joto limerudi na hasira zake. Nakuandikia kirefu kwa sababu haya siwezi kuyamaliza kwa ujumbe wa sauti, na wewe sauti zangu huwa unaziruka katikati, nakujua.

Simulizi yako unayoiweka bure mtandaoni sehemu kwa sehemu nimeisoma yote, mpaka hiyo sehemu ya saba uliyoibadilisha. Nianze na ya saba maana ndiyo iliyonikera. Ulivyoiandika mara ya kwanza, Mama Eliya, mweka hazina wa kwaya, anajifungia chumbani, anamwaga kitandani bahasha za michango ya sare, anatenga noti za elfu kumi na za elfu tano, sarafu anazirudisha kwenye mfuko wa nailoni. Kesho yake anakwenda kwa wakala, anamtumia mdogo wake anayeuguza mtoto hospitalini, tena anaweka na ya kutolea. Hapo nilicheka, halafu nikanyamaza. Mwizi anayekumbuka kuweka ya kutolea! Mtu wa namna hiyo namfahamu, amekaa benchi la pili kanisani kwetu, na kwenu yupo pia.

Sasa kwenye hiyo mpya, anafika kwa wakala, anasikia sauti ikimwambia "Mwanangu, usiibe", analia, anarudisha hela, kwaya inaomba, mtoto anapona. Yote hayo katika aya nne. Upendo, hela haijatoka hata mfukoni, mama wa watu atatubu nini?

Najua shinikizo limetoka wapi. Maoni ya wasomaji niliyaona. Mmoja anasema mtunzi aliyeokoka hapaswi kumchafua mwanakwaya, mwingine anataka mstari wa Biblia kila mwisho wa sehemu, na yule mzee wa kanisa lenu akakuuliza kwa nini Mkristo atunge mambo ambayo hayajatokea. Huyo mzee mrudishe 2 Samweli 12. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, aliyekuwa amechukua mke wa mtu, hakuanza kumsomea amri. Alimpa hadithi ya tajiri mwenye mifugo tele na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekuwa akila tonge la bwana wake na kulala kifuani pake. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Sasa chukulia Nathani angekuwa na wasomaji wako: tajiri angetubu kabla ya kumchinja yule mwana-kondoo, na Daudi angesema amina akaagiza chakula.

Hata mfano wa mwana mpotevu, ambao tunauhubiri kana kwamba unaishia kwenye ndama aliyenona, hauishii hapo. Unaishia nje, kaka mkubwa amekasirika na amekataa kuingia ndani, baba ametoka kumsihi. Aliingia? Luka hasemi. Bwana Yesu mwenyewe alituacha na arosto, na wasikilizaji wake wakaondoka wakiwa na kazi ya kufanya. Wewe unaogopa nini?

Sasa lile swali lako, kama uendelee kuweka bure au usubiri mchapishaji. Mimi nasema weka. Maduka ya vitabu vya Kikristo ninayoyajua, rafu za maombi, ndoa na unabii zimejaa hadi juu. Riwaya utaikuta moja pembeni, imepigwa na jua. Na wasomaji wako wale, yule dada anayefanya kazi za ndani Muscat na kusoma usiku akishamaliza vyombo, kitabu cha dukani kingemfikiaje? Anakusoma kwenye simu, kwa bando la wiki, na ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote: kama Mama Eliya akirudisha hela kimyakimya, bado ana haja ya kusimama mbele ya kwaya? Msomaji mmoja wa hivyo anatosha kukufanya uandike vizuri.

Ila lijue soko uliloingia. Huko kwenye simulizi za bure jirani yako wa kulia ni chombezo, zile hadithi za mahaba, wa kushoto ni uchawi na majini, na wote wanajua kukata sehemu mlango unapogongwa. Kukata hivyo si dhambi, nakuomba ujifunze. Sehemu zako nyingi zinakwisha watu wakienda kulala. Nani atarudi kesho kumwangalia mtu aliyelala? Ninachokukataza ni kuchukua viungo vyao: ile aya ya kanga iliyolowa kwenye sehemu ya nne haikuwa na kazi yoyote, uliiweka ili "next" za wasomaji wanaoomba sehemu inayofuata ziongezeke, na ziliongezeka kweli.

Na bure usiichukulie kama haina mwenyewe. Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Topeka, Kansas, Marekani, aliyeitwa Charles Sheldon. Mwaka 1896 alikuwa akiwasomea waumini wake hadithi ibada za Jumapili jioni, sura moja moja, kama hizi sehemu zako, na anakatia mahali ambapo lazima warudi Jumapili inayofuata. Hadithi ni ya waumini wanaoahidi kujiuliza, kabla ya kufanya lolote, Yesu angefanya nini. Jarida moja la Chicago likaichapisha kwa sehemu, kisha ikawa kitabu, "In His Steps". Kwa sababu ya kasoro katika taratibu za hakimiliki pale jaridani, wachapishaji wengine wakaona mlango uko wazi, kila mmoja akachapa ya kwake. Ziliuzwa nakala mamilioni, na sehemu kubwa ya hela hizo hazikumfikia. Alifurahi kwamba hadithi imesambaa, sawa, lakini alikuwa na mshahara wa uchungaji. Wewe una kibanda cha chipsi.

Huku kwetu mambo ni mepesi kidogo: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ni yako tangu unapoiandika, hata kama hujaisajili popote. Lakini nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili hivyo hivyo, maana siku ukikuta mtu ameisoma kwa sauti YouTube, amebadilisha Mama Eliya kuwa Mama Junior na jina la mtunzi kalifuta, utatakiwa kuonyesha ushahidi. Weka jina lako katikati ya kila sehemu pia, juu na chini wanakata.

Ukipata ujumbe wa programu inayotaka kukusainisha, soma kipengele cha kumiliki hadithi peke yao na cha muda. Kama Kiingereza chao kinakuzidi nitumie mimi, nina kaka yangu mwanasheria anayedaiwa fadhila. Hawa watu wanajua thamani ya mnachokitoa bure. Wattpad, programu ya kusomea na kuandikia hadithi, ilianzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2006, na 2021 kampuni ya Naver ya Korea Kusini ikatangaza kuinunua kwa zaidi ya dola milioni 600, na shehena yenyewe ni hadithi ambazo wengi waliziandika usiku bila kulipwa. Sisemi ukimbie. Nasema sehemu tano za mwisho usiziweke popote kwanza, ukae nazo, kwa sababu mchapishaji akija atakuuliza kama hadithi yote imeshasambaa, na wengi wao wakisikia ndiyo wanafunga daftari.

Kwa hiyo ya saba irudishe ya zamani. Usiandike tangazo refu la kuomba radhi, andika tu "sehemu ya saba, iliyosahihishwa", chini yake ILIPOISHIA, songa. Watakaolalamika walalamike, ukiwajibu, wajibu mara moja tu. Na katika ya nane nataka kumwona mwalimu wa kwaya akiomba taarifa ya mfuko mbele ya watu wote, Mama Eliya akiwa na daftari mkononi, tena daftari lenye hesabu iliyonyooka kabisa, kwa sababu mwizi wako ni mtu makini. Atasomaje? Mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui bado.

Itume Jumanne. Jumatano tuna mkesha na simu nitaizima. Baba Glory msalimie, mwambie zile mbegu za nyanya alizoniahidi nazisubiri kabla ya mvua za vuli.

Wako katika Bwana,
Tumaini