Wathamini vijana wapelekwe vijijini mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana wanaohitimu uthamini, yaani ukadiriaji wa thamani ya ardhi na majengo, katika Chuo Kikuu Ardhi na Chuo cha Ardhi Tabora. Wengi niliofanya nao kazi walijifunzia kwenye nyumba za mjini zinazowekwa rehani benki, na siku walipopelekwa kijijini hawakujua pa kuanzia.

Yalinikuta na mimi. Katika zoezi langu la kwanza la fidia kwa watu wanaopisha mradi, mkoani Singida, nikiwa chini ya mthamini aliyesajiliwa, niliandika kwenye fomu kuwa nyumba ya mzee mmoja ni ya udongo. Mzee hakugombana nami. Alisema, "Mwanangu, hebu sogea," akachokoa lipu la udongo kwa ncha ya kisu, na ndani yake likatokeza tofali la kuchoma. Angesaini fomu ile kwa kuniamini, fidia yake isingetosha kujenga nyumba nyingine kama hiyo.

Mjini mthamini hulinganisha na nyumba zilizouzwa jirani. Kijijini nyumba huuzwa kwa nadra, kwa hiyo ni lazima ujue gharama ya kuijenga upya, yaani bei ya bati na saruji pamoja na nauli ya kuvifikisha huko na ujira wa fundi wa hapohapo, kisha utoe uchakavu. Kigumu zaidi ni posho ya makazi, yaani fedha ya kumwezesha anayehamishwa kupata pa kuishi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka ikokotolewe kwa kodi ya soko ya jengo kwa miezi 36, ilhali kuna vijiji ambako hakuna aliyewahi kupanga nyumba. Kodi hiyo itafutwe wapi, na mji mdogo upi utumike kulinganisha, ni mambo ambayo nimeyaelewa kwa kutembea na mtu aliyekwisha kuyafanya, si darasani.

Na kazi ipo, kwa kuwa barabara, migodi, njia za umeme na bomba la mafuta ghafi la kwenda Chongoleani, Tanga, vyote hupita kwenye makazi ya wanakijiji.

Kwa kuwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imetupatia Bodi yetu ya kusajili wathamini, naiomba iyape uzito mazoezi ya vijijini inapopima uzoefu wa anayeomba usajili. Halmashauri nazo, kila gari linapotoka kwenda kuthamini, zimchukue walau mhitimu mmoja, ashike futi kamba na kujaza fomu kwa mkono wake, mthamini mwandamizi akiwa pembeni.

Mthamini,
Singida.