Chumba cha makoti

Mwanangu, mamangu,

Juzi kwenye simu uliniambia Jumamosi mnaenda bathdei ya rafiki yako kwenye klabu moja huko Charing Cross, London, ukasita kidogo halafu ukasema "ni ya mashoga lakini, usishtuke mama, hata hutaijua". Mimi nikakujibu haya mamangu mfurahi, tukarudi kwenye mambo ya bili ya gesi. Nilipokata simu nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikachemka ikamwagika. Manake ile klabu nimeifanyia kazi miaka tisa, kuanzia 1986 mpaka 1995, wewe hujazaliwa, na zile ngazi zake hata leo nikifunga macho nashuka bila kushika ukuta.

Najua wewe unachojua, mama alikuwa akifanya kazi hotelini usiku. Ndivyo nilivyomwambia khalati niliyekuwa nikikaa kwake Leyton, ndivyo nilivyomwandikia nyanya yako Mombasa, na wewe ulipokua nikakupa hiyo hiyo, uongo ukikaa sana hata mwenyewe unauzoea. Na enyewe hoteli ilikuwepo. Nilitandika vitanda miezi mitano na mwezi wa mwisho hawakunilipa, ndo dada mmoja wa Ghana tuliyekuwa tukikunja naye mashuka akaniambia kuna mahali wanatafuta mtu wa kupokea makoti usiku, wanalipa kila wiki. Hakuniambia ni mahali gani. Nikaenda na mtandio wangu kichwani, Januari, nimevaa sweta tu, nikafika chini ya yale matao ya stesheni pale Villiers Street nikakuta foleni ya wanaume watupu. Si watupu wa kuvua nguo, yaani wanaume peke yao, ingawa usiku ukisonga na wale wa namna ya kwanza walionekana kidogo.

Jina lake Heaven, peponi. Khalati akiniuliza wenda wapi nasema naenda kazini, ningeanzaje kumwambia naenda peponi na narudi alfajiri.

Aliyenipokea alikuwa mzee wa Liverpool, mzee kwangu mimi wakati ule, alikuwa na arobaini hivi, masharubu mazito, mikono yote tatoo. Alinitazama juu mpaka chini, hakusema kitu, akavua koti lake la kijani la sufu akanivika, kazi akanifundisha baadaye. Mimi kimoyomoyo nilimpa jina la Kungwi, manake alinifunda kweli kweli. Skafu unaisukuma ndani ya mkono wa koti ili isianguke. Jaketi za ngozi zikae fimbo ya chini, nzito zile, zitavunja ya juu. Nusu ya tiketi kwenye hanga, nusu kwa mwenyewe. Na watu wawili hata wakija wameshikana kama wali na nazi usiwatundikie hanga moja, aliniambia, wataingia wawili watatoka mbalimbali. Mwezi wa kwanza nilidhani ananitania.

Yeye ndo alinihadithia kwamba pale zamani palikuwa pa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, ikageuzwa klabu Desemba 1979, na kabla ya hapo watu kama yeye walikuwa wakinywea kwenye vijichumba vya chini ya ardhi, mlango una tundu la kuchungulia. Sheria iliwaruhusu kupendana tangu 1967 lakini faraghani tu, na uwe umefika miaka 21. Ghafla wanapata ukumbi mkubwa wa kumeza watu mia na mia, katikati ya jiji, muziki unagonga kifua. Yule Richard Branson, tajiri wa Virgin, aliinunua 1982, ndiyo huyo huyo, hata ndege hajawa nazo bado. Treni za stesheni zinapita juu ya kichwa, na zikipita hanga zote kwangu zinalia pamoja chikichiki, mpaka leo nikisikia sauti ya hanga nakumbuka treni na si nguo.

Siku moja nilikuwa naongea na rafiki yangu kwenye simu ya ukutani, nikamaliza "haya shoga", Kungwi akauliza hilo neno kila mara unalisema ni nini. Nikamwambia kwetu pwani mwanamke humwita mwenzake shoga, rafiki wa chanda na pete, na neno hilo hilo ndo jina la watu kama wewe. Akafikiri, akasema basi kwenu mko mbele. Nikanyamaza. Ningemwelezaje ile namna nyingine neno hilo linavyorushwa barabarani? Unajua kwenye harusi zetu, zile ngoma za ndani za wanawake, walikuwa wakija hao kutupigia ngoma, wanakaa nasi, wanatuchekesha mpaka mbavu ziume, wanakula, wanalipwa, na kesho yake watoto wale wale wa mtaa wanawazomea. Na mimi nilikuwa katika hao watoto, nisikufiche. Kwahivyo sikuja pale mgeni sana, nilikuja na deni.

Kwa kaunta ile unamjua mtu kwa koti. Kulikuwa na wale wa maofisi ya serikali ya Whitehall hapo karibu, anaingia na suti na mwavuli, anabadilisha chooni anatoka na fulana na jinzi, suti inabaki kwangu na jina lake la mchana. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Alhamisi anakuja na begi la madaftari ya watoto hajasahihisha, ananiambia niwekee juu yasikunjike, mimi usiku kukiwa kimya nachungulia naona hesabu za watoto zimekosewa nacheka. 1988 ikaja ile sheria yao wakaiita Section 28, kwamba halmashauri zisihamasishe mambo hayo mashuleni, na walimu wakaingia baridi, hakuna aliyejua mpaka uko wapi. Aliendelea kuja lakini begi hakuleta tena. Hata tai alikuwa akiivua kabla hajafika kwenye foleni. Ile sheria ilikuja kufutwa huku England 2003, wewe ulikuwa shule ya msingi, na mimi siku ile nilimkumbuka yeye na yale madaftari.

Jumatatu za 1988 zilikuwa vichekesho, wakaja vijana wa muziki mpya, mashati ya rangi mpaka macho yanauma, wanacheza jasho linadondoka toka darini, wanakunywa maji tu, na makoti hawana! Mimi nakaa bure nafuma. Na Alhamisi baadaye wakawepo ma-DJ wawili, Fabio na Grooverider, vijana weusi wenzetu, ngoma zao zinakimbia kama chakacha iliyopandwa na wazimu, hiyo ndo ilizaa huo muziki wa jungle. Ukiambiwa mama yako alikuwepo usibishe.

Sasa lile nililokuwa nalizunguka.

Kabla sijafika mimi, 1982, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale, Terry Higgins, alianguka akiwa kazini. Akafa Julai ile ile, miaka 37, katika watu wa kwanza kabisa kufa na ukimwi nchi hii, na mpenzi wake na marafiki zake ndo walianzisha lile shirika linaloitwa kwa jina lake. Kungwi alikuwa akimjua. Mapema 1987 serikali ikapeleka karatasi ya kueleza ukimwi kila nyumba, ya kwetu khalati akanipa nimsomee, nikamsomea mikono inatetemeka manake mimi nashika makoti yao, nakunywa chai vikombe vyao, na nitamuuliza nani? Nilimuuliza Kungwi. Hakukasirika. Alinieleza kila kitu, kitu kwa kitu, mambo ambayo mamangu mzazi hakunieleza. Aprili ile Princess Diana akafungua wodi ya wagonjwa wa ukimwi Middlesex Hospital akamshika mgonjwa mkono bila glavu, Kungwi akaikata ile picha gazetini akaibandika juu ya sanduku la tiketi, mgonjwa amepigwa picha kwa nyuma, uso hauonekani.

Yeye mwenyewe alianza kukonda 1990. Mwaka uliofuata nikawa naenda kumtazama hospitali na uji wa wimbi kwenye chupa, akisema una ladha ya saruji lakini anaunywa. Alipokufa ndugu zake wakasema kansa. Kanisani sisi wa klabu tulikaa viti vya nyuma.

Na mwaka 1992 ndo ikaja ile simu ya mjomba wako. Wewe unajua mjomba alikufa na TB. Hivyo ndivyo tulivyosema wote, nyumba nzima, na nyanya yako ameingia kaburini anasema hivyo. Haikuwa TB tu mamangu. Ulikuwa ukimwi, na alikuwa amekonda kama Kungwi, na mimi niliujua tangu barua yake ya mwanzo kwa vile nilishauona, nikanyamaza. Sikuwa na nauli. Sikumwambia mtu pale kazini, nilikuwa nikilia nyuma ya makoti tu, lakini yule bwana wa baa akaniona, akachukua jagi akaliweka kaunta, na usiku mmoja watu wakatia pesa mpaka ikatimia tiketi ya kwenda na kurudi. Husema wazungu hawajui mchango. Hawa walikuwa wakiujua, mazishi yalikuwa yamewafundisha. Nyumbani nikasema nimekopeshwa na hoteli.

Kama dini inasemaje, najua unataka kuniuliza. Nilikuwa nikishuka basi la usiku toka Trafalgar Square, nafika Leyton naswali alfajiri yangu kwanza ndo nalala, miaka yote tisa. Zaidi ya hapo nimuachie Mwenyezi Mungu, mimi sikuweza kuyafunga hayo mambo mawili fundo moja na sikuweza kuacha hata moja.

Basi. Jumamosi najua utavaa lile koti la kijani uliloazima kwangu tangu mwaka jana na hujarudisha, lile unaloniambia ni vintage. Sasa unajua ni la nani. Kama bado wana chumba cha makoti mpe dada wa watu alitundike peke yake, lisichanganywe na la mtu, na tiketi itie ndani ya kiatu, usiitie kwenye mkoba, mikoba pale huibiwa.

Mamako