Kwa mnaoshika kurasa za kampuni za teknolojia hapa Lubumbashi

Wadogo zangu,

Jambo yenu. Nawaandikia ninyi mnaojibu wateja Facebook, WhatsApp na TikTok kwa niaba ya programu za malipo na za kuagiza bidhaa. Siku za uzinduzi mnaziweza, fulana mpya na picha kali. Mimi naongelea usiku ule programu imezimika, makuta (pesa) ya mteja yametoka kwenye simu yake na kwa muuzaji hayajafika.

Usiku huo kosa kubwa ni kungoja. Fundi anasema "nipeni dakika 10", zinakuwa 90, na ukurasa wenu bado unatangaza promosheni ya asubuhi. Mteja akiiona hiyo promosheni, hatasema mtambo umeharibika, atasema ameibiwa. Kwanza simamisheni matangazo yote mliyoyapanga yajitoe yenyewe. Kisha ujumbe wa kwanza utoke ndani ya dakika 30, chanzo kijulikane kisijulikane. Useme kipi hakifanyi kazi, kipi bado kinafanya, mteja afanye nini, na saa ngapi mtarudi kuongea naye. Hivi:

"Tangu 20:10, saa ya Lubumbashi, malipo hayafiki kwa wauzaji. Kuangalia salio kunawezekana. Tafadhali usirudie malipo, unaweza kukatwa mara mbili. Hatuombi PIN ya mtu yeyote. Tutaleta habari nyingine 21:00, hata kama kazi haijaisha."

Angalieni "usirudie malipo". Mtu akiona makuta hayajafika, kidole kinabonyeza tena, na tena. Asubuhi mtakuwa na rundo la madai ya kukatwa mara mbili, ambayo mhasibu atayashughulikia wiki nzima. Na saa iandikwe kwa tarakimu. Ukiandika "saa mbili", mmoja ataelewa usiku unapoingia, mwingine aliyezoea saa za Kifaransa atangoja hadi watu wamelala. Mkiwa na wateja Kinshasa, wao wako nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo wekeni saa zote mbili.

21:00 ikifika, andikeni, hata kama jipya ni kwamba hakuna jipya. Msiseme "makuta yenu yako salama" kabla mhasibu na fundi hawajalinganisha hesabu. Ile "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote" iacheni kabisa: hilo neno "wowote" linamwambia mteja kwamba hamna hakika kama amesumbuka.

Kabla ya ukurasa, waambieni watu wa kabine, yaani mawakala wa malipo ya simu. Mteja wa Katuba au Ruashi hafungui ukurasa wenu, anakwenda kumuuliza yule aliyekaa chini ya mwavuli, na yule akisema "hata mimi sijui", uvumi umeanza. Wapelekeeni sauti ya sekunde 30 kwa Kiswahili chetu cha hapa. Komunike ya Kifaransa iliyopigwa muhuri kisha ikapigwa picha, najua wakubwa wanaipenda, lakini kwenye simu ndogo haisomeki na inakula mega za mteja. Maneno yawe maneno, si picha.

Malalamiko msiyafute. Mkifuta, mtu anarudi na picha ya alichoandika, na sasa ana kesi mbili. Ficheni tu yale yenye namba ya simu au ya muamala, kwa sababu wezi huwa hawachelewi: wanafungua ukurasa wenye nembo yenu na kumwandikia kila aliyelalamika, "tupe PIN tukurudishie". Mkiuona ukurasa wa namna hiyo, uripotini na muwaonye watu papo hapo.

Mkubwa atakayetaka mnyamaze, mkumbusheni Uber, kampuni ya kuita teksi kwa simu. Mwaka 2016 data za watu milioni 57 ziliibwa, wadukuzi wakalipwa dola 100,000, habari ikafichwa hadi Novemba 2017. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 148 ili kumaliza kesi na majimbo ya Marekani. GitLab, kampuni ambako mafundi huhifadhi kodi za programu zao, walifanya kinyume. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wao alifuta hifadhidata kwa bahati mbaya, data za kama saa 6 zikapotea. Wakaacha daftari la ukarabati wazi, kila mtu alisome, pamoja na aibu ya kukiri kwamba njia zao za kuhifadhi nakala hazikufanya kazi. Mafundi wengi duniani waliwapa pole.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilianguka pamoja kwa karibu saa 6. Wekeni basi orodha ya SMS ya mawakala, na ukurasa wa hali ya huduma kwenye seva tofauti na ile ya programu, la sivyo vitazimika pamoja. Wasimamizi wa ukurasa wawe angalau wawili, na uthibitisho wa hatua mbili utumie programu ya simu inayotoa namba za kuingilia, maana laini ya SMS mwizi anaweza kuibadilishia kadi. Kuna ukurasa mwingi uliofunguliwa kwa akaunti ya mwanafunzi wa stashi (mafunzo ya kazini), na stashi ilipoisha ukaondoka naye.

Ule ujumbe wa mfano uandikeni wiki hii, muache nafasi ya saa tu. Uchapeni kwenye karatasi, pamoja na namba za fundi na mhasibu, muubandike ukutani karibu na modemu, maana usiku huo umeme nao unaweza kuwa umekatika.

Mzee wenu,
Lubumbashi