Kisomo cha watu wazima kirudishwe vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hutolewa hotuba kila Septemba 8, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, kisha likawekwa kando hadi mwaka unaofuata: watu wazima wasiojua kusoma na kuandika.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Kwimba, na mama yangu alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto. Kabla ya hapo, barua za kaka yangu aliyekuwa Dar es Salaam zilisomwa na jirani, kwa hiyo habari za ugonjwa au deni zilijulikana kwa jirani kabla ya kumfikia yeye. Naye majibu yake aliyafupisha, kwa kuwa yapo mambo ambayo mzazi hawezi kumwambia mwanawe kupitia kinywa cha mtu mwingine. Msimu wa kuuza pamba alipokea stakabadhi asiyoweza kuisoma, akaridhika na kiasi alichotajiwa.

Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huku Kanda ya Ziwa, mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umekwishaanza mwaka 1968, na busara yake ilikuwa kufundisha herufi kwa kutumia vitabu vya kilimo cha pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, yaani mambo ambayo mwanakisomo aliyajua kuliko mwalimu wake. Darasa la mama lilikutana alasiri, baada ya kazi za shamba. Aliyemfundisha alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, wa umri wa binti yake, aliyemwita mama na kuitwa mwalimu, na sikumbuki hata siku moja heshima hiyo ya pande mbili ikivunjwa.

Baba alipofariki, ndugu wa ukoo walileta karatasi ya mgawanyo wa mashamba, wakamtaka aweke dole gumba. Mama aliomba waiache hadi asubuhi. Usiku ule aliisoma polepole, kwa mwanga wa kibatari, akagundua kwamba shamba la bondeni, ndilo lililotulisha, halikuandikwa kwake wala kwetu. Hakutia sahihi. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo na karatasi hiyo mkononi, akaeleza mwenyewe kilichoandikwa, na shamba likabaki letu. Nimesoma hadi chuo kwa mazao ya shamba hilo, ndiyo maana siwezi kulizungumzia suala hili kama jambo la takwimu tu.

Hata hivyo, takwimu zenyewe zina fundisho. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, na majaribio ya kitaifa ya mwaka 1986 yaliwaonesha kuwa chini ya asilimia 10. Kisha hali ya uchumi ikawa ngumu, walimu wa kujitolea wakakosa posho, vitabu vikachakaa bila kuchapwa vingine, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa ajili ya wanakisomo, yakaacha kuwafikia wasomaji wake. Aliyejifunza akakosa cha kusoma alisahau. Mama hakusahau kwa sababu tu Biblia na vitabu vyetu vya shule vilikuwemo nyumbani.

Leo pesa hutumwa kwa simu, na nawaona akina mama sokoni wakiwapa vijana wasiowafahamu simu zao, pamoja na namba ya siri, ili wasomewe ujumbe wa salio. Ni utegemezi uleule aliokuwa nao mama mbele ya jirani na mbele ya karani wa pamba.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kwa mujibu wa sheria tangu 1975, na shule za msingi zipo karibu kila kijiji. Naziomba halmashauri zitenge posho ya kudumu ya walimu wa kisomo, zipange masomo kwa kufuata msimu wa kilimo, zifungue maktaba za shule kwa watu wazima nyakati za alasiri, na zichapishe vitabu vinavyohusu hati za ardhi, stakabadhi za mazao na fedha za simu. Madiwani watakapokaa kupitisha bajeti ijayo, wananchi tuwaulize hadharani ni shilingi ngapi zimetengwa kwa kazi hiyo.

Msomaji wako,
Mwanza