Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Pango Letu na Kiwanja cha Jirani

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia ukuta wa bohari la jirani, unaozuia upepo kwenye kiwanja tulichopanga kuanikia dagaa.

Kama mnavyokumbuka, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Vichanja vilikuwa vitupu, wengi tukaenda mashambani, wengine tukauza mawese. Tuliporudi hapa Kibirizi tulikuta kiwanja cha chini, kilicho kati yetu na ufuko, kimeuzwa na bohari limeshasimama. Mwenye eneo alikuwa na viwanja vitatu vinavyopakana. Kimoja alitupangisha sisi. Hiki cha chini alikiuza bila kutuambia neno.

Hasara yake kila mama anayeanika anaijua. Zamani dagaa waliomwagwa asubuhi, jua likiwa kali, jioni walikuwa wakavu, wanang'aa, ukiwashika wanalia mkononi. Sasa upepo wa ziwa unaishia ukutani, na ikifika saa tisa alasiri kivuli kimeshafunika safu tatu za mwanzo. Dagaa wa safu hizo wanalala mpaka kesho yake, wanabadilika rangi, na mnunuzi wa jumla akifungua gunia anashusha bei papo hapo. Njia ya mikokoteni kwenda ufukoni nayo ilizibwa.

Mkataba wetu unamkataza mpangishaji kujenga kitu cha kuzuia upepo kwenye kiwanja kile, na unamtaka aache njia. Mnunuzi alitujibu kwamba yeye hakutia saini. Jambo hili naomba tulielewe vizuri. Mwenye eneo akiuza kiwanja tulichopanga, mnunuzi anakipokea pamoja na pango letu na masharti yake. Akiuza cha jirani, ahadi aliyotupa juu ya kiwanja hicho haihami na ardhi kirahisi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia mpangishaji kutumia ardhi yake ya jirani kwa namna inayoharibu matumizi ya ile aliyopangisha, hata mkataba ukiwa kimya. Ardhi ikishatoka mikononi mwake ndipo ubishi unapoanza: mnunuzi alijua? Haki yetu imeandikwa kwenye daftari la ardhi?

Wakili alitueleza kesi ya Uingereza ya 1894, iliyofunguliwa na Aldin, mfanyabiashara wa mbao. Mabanda yake ya kukaushia mbao yalitegemea upepo. Kiwanja cha jirani, cha mwenye eneo yuleyule, kikachukuliwa na wengine, wakajenga, upepo ukakatika. Mahakama ilisema anayepangisha eneo kwa kazi fulani hana ruhusa ya kuiharibu kazi hiyo, na waliopokea ardhi kutoka kwake wanabanwa vilevile. Niliposikia hayo niliwaona dagaa wetu kabisa. Lakini hiyo ni hoja ya kupeleka barazani, haibomoi ukuta.

Tulianzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Mnunuzi amefungua njia, na mikokoteni miwili sasa inapishana; kwa hilo namshukuru. Juu ya ukuta hatukuelewana, kwa hiyo shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kosa la kamati, nami nikiwemo, ni kuuacha mkataba kabatini tukidhani saini zinatosha. Haki ya njia na ya upepo ilipaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati tangu siku ya kwanza, ili kila anayekagua hati kabla ya kununua aikute.

Mwenye eneo bado ana kiwanja cha upande wa kusini, na mwezi uliopita watu walionekana wakikipima. Amekubali kutia saini kifungu kipya: atatutaarifu kwa maandishi kabla ya kuuza, na mnunuzi atajifunga kwa masharti yetu kabla ya kukabidhiwa. Tumekibandika mlangoni mwa ofisi. Leo tukipigie kura, pamoja na mchango wa gharama za usajili.